Mama wa Pili wa Mcha

Alikuwapo Bi Mize na mwanawe Mcha. Alikuwapo Bi Kazija. Alikuwapo Bi Zuwena. Alikuwapo Bi Raya. Wote walikuwa walarasi, wanyama wanene wa bahari ya barafu, wenye meno mawili marefu kama pembe za ndovu. Kazija alijaliwa masikio, Zuwena mgongo, Raya sharubu.

Walarasi hupumzika juu ya barafu na kuzamia chaza chini yake. Mwaka ule barafu iliyeyuka mapema, na kipande chao kikachukuliwa na maji hadi kwenye kina kisichofikika. Bi Mize alikuwa mgonjwa, maziwa yamemkauka, na alijua hatapona. Akatangaza mbele ya wote: "Atakayemfikisha mwanangu kwenye chakula ndiye mama yake baada yangu."

Kazija akatega sikio katika ukungu, akasema anasikia mawimbi yakivunjika mbali, upande wa kulia. Huko maji ni ya kina kifupi. Raya akamwambia labda anasikia tumbo lake mwenyewe. Wakajitosa hata hivyo, wakaogelea, wakaogelea, na kumbe kweli, mawimbi yale hayo!

Lakini Mcha alikwisha kuchoka, kichwa kinazama. Zuwena akapita chini yake, akamwinua mgongoni, akakata maji naye mpaka ufukweni, akinung'unika njia nzima kwamba mtoto huyu amelishwa mawe.

Ufukweni maji yalikuwa tope tupu. Wengine walizama wakaibuka mikono mitupu. Raya akapapasa chini kwa sharubu, akarudi na chaza. Mcha akala, akadai tena! Bi Mize akasahau maumivu kwa furaha.

Ndipo ugomvi ulipoanza.

"Bila mimi mngeelekea wapi?" akauliza Kazija.

"Mngefika na maiti," akasema Zuwena.

"Na angefia hapa kwa njaa, shoga zangu," akasema Raya.

Bi Mize alitamani kuwapa wote watatu. Sheria yao ilimkataza. Mwaka uliotangulia mtoto mwenye mama wawili aliachwa barafuni peke yake, kila mama akidhani yuko na mwenzake, hakuonekana tena. Tangu hapo, mtoto mmoja, mgongo mmoja. Akawatazama mmoja mmoja, akaomba wamwache afikiri hadi asubuhi.

Haya, mnaosikiliza, amueni ninyi: Mcha apande mgongo wa nani? Bi Mize alifariki alfajiri, hajataja jina.