Blanketi Juu ya Betri

Hadithi hii ina watu watatu waliookoa zahanati na mmoja aliyetusaliti. Aliyetusaliti nilimzaa mimi. Nalisema hilo mapema ili mkiona namtetea mnikatize, na mkiona namkandamiza mnikatize pia. Kaeni vizuri, msisinzie, kwa sababu mwishoni nitawadai jibu.

Kwetu Lupondo ni juu, kwenye pareto na viazi, ambako mwezi wa sita umande unaganda kwenye majani na watu wanaimba kanisani wakiwa wamevaa makoti. Zahanati yetu inatumia umeme wa sola. Paneli ziko juu ya bati, na kwenye chumba kidogo cha pembeni kuna betri sita zinazowasha taa ya chumba cha wazazi na friji ya chanjo. Ni betri kavu, zile zilizozibwa kiwandani, zisizotiwa maji kama za lori. Kijiji kilichagua watu watatu wa kuzitunza, na hakikuchagua ovyo.

Wa kwanza ni Otilia, dada wa marehemu mume wangu. Wifi yangu huyu ana pua. Maziwa yakitaka kuganda kesho, yeye anayajua leo. Akipita karibu na chanja za pareto atakwambia ipi imeanikwa ikiwa mbichi, na ukibisha utaumbuka.

Wa pili ni Edson, mwalimu wa kwaya, mwenye masikio. Watu arobaini wakiimba, mmoja akateleza kidogo, Edson hageuki hata kutazama, anataja jina tu. Tumeshazoea, ingawa mimi aliwahi kunitaja siku ya Pasaka mbele ya wageni na sijasahau.

Wa tatu ni Skola, muoka mikate, na kipaji chake kiko viganjani. Anaoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu, hana saa wala hafunui. Anapitisha kiganja juu ya mfuniko, anasema bado, au anasema tayari. Skola alikuwa mchumba wa mwanangu, na pete yake ilikuwa kidoleni.

Mwanangu ndiye Ezron. Alisomea umeme mjini, akarudi, akafunga betri za zahanati, akawafundisha hao watatu kazi. Siku hiyo nilikuwepo, niliwapelekea chai. Alifundisha vizuri mno, ndiyo maana roho inaniuma mpaka leo. Aliwaambia kwamba betri kavu si kavu, ndani mna tindikali iliyonyweshwa kwenye kitu kama pamba. Ikichajiwa kupita kiasi inatoa hewa ambayo cheche moja tu inailipua, na kwa hiyo dirisha la chumba kile aliliwekea wavu mtupu, bila kioo. Msizifungue, akasema, msizitie maji, msiweke spana juu yake, maana chuma kikigusa vichwa viwili kinawaka. Msichanganye mpya na zilizochoka. Mkiona imevimba, kateni umeme kule nje, fungueni chumba wazi, msiihamishe ikiwa ya moto. Kisha akamtazama Skola, akamwambia avue pete kila anapoingia.

"Nipe mimi nikushikie," akasema, na wote tukacheka.

Miaka ikapita, betri zikachoka. Kijiji kikamtuma Ezron huyo huyo akalete sita mpya, akaenda, akarudi na betri sita zinazong'aa, tukazipigia vigelegele. Ambacho hatukujua ni hiki. Mpya zilikuwa mbili. Nne zilikuwa kuukuu, zimefutwa vumbi na kubandikwa karatasi mpya. Zile nne mpya za kwetu alikuwa ameziweka kwenye banda lake la kuchajia simu kule mjini.

Haikuchukua muda, taa ikaanza kufifia. Edson, ambaye nyumba yake iko jirani na zahanati, akasema friji inanyamaza kabla ya alfajiri. Ezron akaitwa. Akaja, akaingia chumbani, akakaa kidogo, akatoka anafuta mikono.

"Zinaona baridi," akasema. "Zifunikeni, na dirisha mlizibe."

Jamani, sisi ni watu wa baridi. Kwetu mtoto akizaliwa hatuulizi kwanza ni wa kike au wa kiume, tunauliza amefunikwa? Mtu akituambia kitu kinaona baridi, tunaamini kabla hajamaliza. Edson peke yake ndiye aliyekumbuka, akauliza habari ya dirisha na ile hewa. Ezron akamjibu kwa upole kwamba hiyo ilikuwa sheria ya betri za zamani, na hizi ni za kisasa. Mwalimu akaona haya kubishana na fundi. Ezron akakirekebisha kile kisanduku kinachopima chaji, ili paneli zisukume kwa nguvu zaidi, akaondoka zake.

Basi Skola akashona magunia, akaziba dirisha. Otilia akatoa mablanketi mawili ya nyumbani kwake. Mimi nikatoa moja, lile la bluu nililombebea Ezron mgongoni. Nilikuwa nimempa kabla hajaondoka, akalitandaza mwenyewe juu ya betri, vizuri kabisa, akasema asante mama. Alijua anachokifunika, na bado alinishukuru.

Wiki nzima ukungu haukuondoka. Jumamosi jua likatoka kali, mchana mweupe, na paneli zikaanza kusukuma. Adela, mke wa mpasua mbao, alikuwa chumba cha wazazi na uchungu wa mtoto wa kwanza. Sista Levina, muuguzi wetu, alikuwa amepanga mkaa kwenye jiko koridoni, hatua tatu kutoka mlango wa betri, achemshe maji. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje, mbele ya mlango wa koridoni ulio wazi, nikimsubiri Adela. Niliyaona yote.

Otilia alikuwa anageuza pareto yake ng'ambo ya barabara. Pareto ina harufu nzito, mtu mwingine asingesikia kitu. Yeye akainua uso, akanusa mayai viza, akaacha chanja, akaja mbio na magoti yake yale mabovu. Alimkuta sista ameshika kijiti cha kiberiti, bado hajakiwasha. Alimshika mkono, akachukua kiberiti, akakitupa nje kwenye majani mabichi, kisha akasema asiwashe mtu chochote, hata swichi asiiguse.

Watu wakajaa, na kila mtu akawa na lake. Wengi walisema ni mtungi wa gesi ya kupikia unavuja nyumbani kwa sista, wakakimbilia huko. Edson akafika, akaomba ukimya kama anavyoomba kwenye kwaya, na tukanyamaza, hata Adela akajitahidi. Kulikuwa na mlio mwembamba, wa birika linalokaribia kuchemka. Akasema si mtungi, ni betri, na ni zaidi ya moja, na bado zinachajiwa kwa sababu mlio unapanda. Akazunguka nje ukutani, akakata swichi ya paneli. Tukausikia mlio ukianza kushuka, polepole.

Lakini mlio kushuka si kupona. Chumba kilikuwa kimezibwa na betri zilikuwa zimefunikwa, moto wake haukuwa na pa kwenda. Skola akaja na unga mikononi. Akang'oa magunia dirishani kwa nje, akaacha upepo upite kwa muda mrefu, huku watu wakimhimiza aingie na yeye akikataa. Kabla ya kuingia alivua pete. Akatazama huku na huku kutafuta wa kumshikia, akaja akaiweka kiganjani mwangu. Akaingia, akatoa mablanketi moja moja, akapitisha kiganja juu ya kila betri bila kugusa, kama anavyofanya kwa mkate. Mbili zilikuwa baridi. Nne zilikuwa zinaunguza na zimetuna ubavuni. Akazikata zile mbili ili zisiendelee kuzipa moto hizi nne, nyaya akizifungua kwa spana aliyoifunga mpira. Moja ya zile nne ikapasuka pembeni na tindikali ikamrukia mkononi. Otilia alimvuta nje, wakamwagia maji ndoo baada ya ndoo, mpaka akatetemeka kwa baridi. Kovu analo, linaanzia kwenye kifundo.

Mtoto wa Adela alizaliwa saa tisa, kwa mwanga wa dirisha. Wa kike, na alikuwa amefunikwa. Chanjo zilihamishwa kwenye sanduku la barafu kwenda kijiji cha jirani. Hakufa mtu.

Jioni, betri zilipopoa, Skola akarudi na mkono umefungwa, azitazame. Karatasi ya ile iliyopasuka ilikuwa imelainika kwa joto. Ikateleza kwenye vidole vyake, na chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, imefifia, ina mwaka wa zamani kuliko zahanati yenyewe. Akabandua ya pili, ya tatu, ya nne. Akaja kwangu, nikadhani amekuja kuchukua pete. Akasema, "Mama, hiyo mrudishie mwenyewe."

Sasa nisikilizeni. Kwetu aliyekisaliti kijiji haombi radhi kwa maneno. Anakuja na jembe jipya, anasimama nje ya uzio wa mkutano, analinyoosha. Mtu mmoja tu ana haki ya kulipokea, naye ni yule aliyezuia madhara kuliko wengine wote. Akilishika mpini, mkosaji amerudi nyumbani na mdomo wa mtu haumgusi tena. Akikunja mikono, mkosaji analiacha chini, na Lupondo hakuna mlango utakaomfungukia, wangu ukiwemo. Wawili hawalishiki. Huwa hatupati shida, anayestahili anajulikana.

Ezron alirudisha zile betri nne mpya kutoka bandani kwake mjini, akasimama nje ya uzio na jembe. Mwenyekiti akauliza nani alipokee, na hapo ndipo tulipokwama.

Otilia alisema kama si pua yake kijiti kingewashwa, na baada ya hapo pasingekuwa na masikio ya mtu wala viganja vya mtu. Hakuna aliyembishia. Na sote tunajua Otilia atalishika jembe, maana Ezron alikulia mapajani mwake mwaka ule mimi nilipolazwa. Amechoka kulia, anataka mtoto wa kaka yake arudi.

Edson alisema kiberiti kimoja kilizuiwa, lakini jua halizuiliwi. Kama asingesikia mlio unatoka wapi, watu wangebaki kwenye mtungi na paneli zingeendelea kusukuma mpaka chumba kipasuke chenyewe. Hilo nalo ni kweli. Naye ameshasema atakunja mikono. Alisema, "Nilimuuliza kuhusu dirisha. Alinitazama machoni akanidanganya."

Skola alisema kiberiti kilikuwa nje na umeme ulikuwa umekatwa, na bado betri zilikuwa zinapika. Aliyeingia ni yeye, aliyeungua ni yeye, na bila yeye tungezifunika tena usiku uleule kwa huruma yetu. Mwenyekiti akamuuliza akipewa jembe atafanya nini. Akasema hatasema mpaka limfikie mkononi. Sijui kama hiyo ni ahadi au ni kisasi.

Ezron alifungua mdomo mara moja tu, kule nje ya uzio. Alisema, "Nilijua zitachoka. Sikujua zitavimba."

Nilisimama, ingawa mama wa mkosaji hatakiwi kusimama. Nilimwambia muongo. Nilikuwepo siku ile anafundisha, nimeshika birika la chai. Msichanganye mpya na zilizochoka, ni yeye aliyesema. Nikaketi, na hakuna aliyenikaripia.

Tumekaa vikao vitatu na hatujaafikiana. Ezron amepanga chumba kijiji cha pili, na kila siku ya kikao anakuja anasimama na lile jembe mpaka jua linazama. Mimi siulizwi. Blanketi la bluu nimelifua, lina matundu mahali tindikali ilipolila, na pete ya Skola nimeifunga kwenye pindo lake. Mlango wangu niufunge au niuache wazi, sijaambiwa.

Kwa hiyo nawauliza nyie, msiomjua Otilia, wala Edson, wala Skola, na ambao mwanangu hajawahi kuwashukuru. Pua ilizuia kiberiti, masikio yakazuia jua, viganja vikazuia moto uliokuwa tayari ndani. Jembe apewe nani? Je, wewe ungeamua vipi? Ila kabla hujalitaja jina, jichunguze kwanza: unamchagua kwa alichokifanya Jumamosi ile, au kwa jibu unalotaka mwanangu apewe?