Kitaa Chekundu cha Tekla

"Taa ikiwaka, mkono ungoje." Mmemsikia fundi wa kompyuta akisema hivyo, mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi, methali hii ilizaliwa hivi.

Mwaka wa tisini, katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya moja ya kusini, alikuwako mhazili aitwaye Tekla Mhagama. Kompyuta yake haikuweza kutunza kitu tumboni mwake. Kila alichoandika kilikaa kwenye disketi, kisahani chembamba ndani ya ganda jeusi, kilichochomekwa katika tundu lenye kitaa chekundu. Printa, mashine ya kuchapa karatasi, ilikuwa chumba cha pili, kwenye kompyuta nyingine.

Asubuhi moja mbwa mwenye kichaa alikuwa amepita vijiji vitatu. Wauguzi walitaja walioumwa kwa redio ya mawasiliano, naye Tekla akawaandika moja kwa moja kwenye kompyuta: watu thelathini na wanane, kila mmoja na kijiji chake na mahali alipoumwa. Karatasini hakuandika hata jina moja. Nje gari la chanjo lilikuwa likinguruma. Wingu la mvua lilikuwa limetanda, na mto ukijaa havuki mtu.

Akaiamuru kompyuta ihifadhi na kufunga. Kitaa kikawaka, tundu likakoroma. Honi ikalia. Ikalia tena. Tekla akaichomoa disketi, akakimbia.

Kompyuta ya pili ikakataa kuisoma. Akaichomeka upya. Ikakataa. Akarudi mbio kwenye yake; kioo kitupu.

Daktari Haule akaingia. "Orodha iko wapi, Tekla?"

"Haisomeki, Daktari."

"Uliichomoa kitaa kikiwaka?"

"Nilisikia honi…"

"Mama wee! Kile kitaa maana yake inaandika. Umeinyang'anya daftari katikati ya neno."

Wakarudi redioni. Vijiji viwili vikajibu. Lihangwa, kijiji cha tatu, kimya. Wakaita mpaka sauti zikawakauka, na matone ya kwanza yakaanza kugonga bati.

"Nakumbuka mmoja," Tekla akasema, machozi yakimtoka. "Melania, mtoto wa miaka mitano, wa Lihangwa. Ameumwa shavuni."

"Shavuni ni karibu na ubongo. Gari lianzie huko."

Gari likavuka maji yakigusa milango. Melania akachomwa sindano mchana ule ule, na muuguzi wa Lihangwa akawakusanya wengine walioumwa kwa kumbukumbu. Lakini akamsahau mzee Komba, aliyekuwa ameshakwenda shambani na jeraha lake kisiginoni. Alipatikana siku ya nne, ndipo akachomwa sindano.

Kwa miezi mitatu Tekla aliamka kila asubuhi akiuliza swali moja: "Mzee Komba anakunywa maji?" Maana mgonjwa wa kichaa cha mbwa huyaogopa maji. Kila asubuhi alijibiwa kwamba anakunywa, na kila asubuhi hakuamini mpaka aulize kesho yake. Mzee alisalimika. Siku alipokuja mwenyewe ofisini, akaomba maji na kumaliza kikombe, Tekla alikaa chini akalia.

Tangu hapo, kila karani mpya aliyeketi mbele ya mashine ile aliambiwa na Tekla neno moja kabla ya salamu, nalo likaenea wilaya nzima: taa ikiwaka, mkono ungoje.