Sensa Iliyokwenda Dar na Kurudi

Wajukuu zangu, someni hii hata kama chai inapoa. Ukimaliza, mtumie yeyote mwenye gari kuukuu na roho ya haraka. Kama huna jamaa wa namna hiyo, basi huyo jamaa ni wewe.

Kulikuwa na mzee mmoja huku kwetu milimani, Shekiondo jina lake, mstaafu wa kilimo. Alikuwa na gari la Kijapani lenye umri wa kuoa. Bintiye Sauda alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alizaa kwa kisu, kwa hiyo daktari alimwandikia siku kabisa: Alhamisi asubuhi awe hospitali ya mjini, tena asithubutu kupanda pikipiki. Uchungu ukimkuta njiani, kovu la zamani linaweza kupasuka.

Mtu mwenye akili angekodi gari mapema akalala. Lakini Shekiondo alikuwa ameshatangaza mbele ya wakwe, na mdomo umejaa wali: "Binti yangu hapandi gari la kukodi. Mimi nipo."

Jumamosi, akitoka kupeleka mizigo, gari likamzimia kwenye kona. Akawasha, likawaka. Akaenda kidogo, likazima. Mara ya nne halikuwaka tena. Likavutwa na lori la kabichi mpaka Mombo kwa fundi Chande.

Chande alifungua boneti, akachungulia muda wa kumeza mate.

"Mzee wangu, sensa ya krenki imekufa."

"Sensa ndiyo nini?"

"Ni mjumbe. Inaiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Ikinyamaza, kompyuta inakata moto."

"Basi itoe! Unangoja nini?"

Chande akaitoa, kitu chenyewe hakizidi kidole gumba. Shekiondo hata hakuishika. Chande akasema kama wanavyosema mafundi wote, "Hii chakavu niachie hapahapa, mzee, utaipeleka wapi?" Naye akajibu kama wanavyojibu wenye magari wote: "Tupa huko." Nyanya iliyooza mtu huigeuza mara mbili kabla ya kuitupa. Kitu cha gari anamwachia mwenziwe bila hata kukiangalia.

Jumapili hakukukalika nyumbani. Alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mkewe akamwambia, "Baba Sauda, kaa ule." Akala amesimama.

Jumatatu alfajiri yuko Korogwe. Duka la kwanza, hakuna. La pili wakampa mpya, ndani ya boksi linalong'aa. Akaikataa.

"Mpya sitaki. Mpya za siku hizi hazimalizi wiki. Nataka mtumba, orijino, iliyotoka kwenye gari la Japani."

Msimcheke, nyote mnasema hivyo. Sisi ndio watu tunaokimbia kitu kipya na kukumbatia kilichovaliwa na mwenzetu.

Akapanda basi mpaka Tanga. Huko wakamwambia magari ya umri ule yalishachinjwa zamani yakaisha. Simu mkononi, anampigia Chande kila nusu saa, utafikiri Chande ndiye mwenye mimba.

"Mzee, nenda Dar," Chande akasema. "Kariakoo nina jamaa yangu. Nitamwambia akutafutie."

Jumanne akawa Dar. Jamaa alimkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaingia ndani, akakaa, akatoka na sensa imefungwa kwenye gazeti, imeoshwa kwa petroli mpaka inanukia.

"Una bahati, mzee. Imebaki hii moja. Orijino."

Shekiondo aliilipia bei ya mbuzi mwenye mimba, wala hakubishana. Njia nzima ya kurudi aliishika mfukoni kama mtu aliyebeba yai. Sauda akampigia akiwa ndani ya basi.

"Baba, mume wangu anasema tukodi tu gari."

"Mwambie anyamaze. Ninayo hapa."

Jumatano adhuhuri Chande akaifunga. Ikaingia sawasawa, bolti ikakaa bila kusukumwa.

"Umeona?" Chande akasema. "Imeingia kama imezaliwa humu."

Gari likawaka kwa ufunguo mmoja. Shekiondo akacheka, akampa Chande mkono, akaondoka. Alipofika kwenye tuta la kwanza, mbele ya soko, gari likapiga tuta, likazima.

Alipiga usukani. Aliwatukana Wajapani, akawatukana wajenga matuta. Wauza vitunguu waliokuja kumsukuma wakamuuliza, "Tukusukumie wapi?" Chande alikuwa ameshafunga geti, na simu haishiki. Mwenye vitunguu mmoja akasema, "Karibu hapa ni kwa Mwasiti."

Mwasiti alikuwa fundi wa umeme wa magari, mjane, aliyejifunza kazi kwa marehemu mumewe. Shekiondo alimfahamu miaka mingi. Aliacha kwenda kwake kwa sababu mama yule anauliza maswali mengi, na mtu mwenye haraka hapendi swali. Lakini siku hiyo hakuwa na pa kwenda.

Mwasiti hakugusa boneti. Alikuwa anatafuna ubani.

"Gari lina nini?"

"Sensa imekufa. Nimeweka nyingine, nayo imekufa."

"Sikukuuliza kilichokufa. Linazima likifanya nini?"

Siku tano Shekiondo alikuwa amezunguka miji mitatu, na swali hilo halikuwa limemfikia.

"Linazima tu," akasema.

"Hakuna gari linalozima tu. Nani hukaa nawe kiti cha mbele?"

"Sauda, binti yangu."

"Mpigie."

Sauda hakufikiri hata kidogo. "Likipiga shimo, Baba. Likipiga shimo kwa tairi la kushoto. Kwani hujui?"

Mwasiti akatabasamu, ndipo akafungua boneti. Aliamuru gari liwashwe, likawaka. Akaingiza mkono chini, akashika waya unaokwenda kwenye sensa, akautikisa. Injini ikakata kimya. Akauachia, akaomba ufunguo tena, ikawaka.

"Mjumbe wako mzima," akasema. "Barabara yake ndiyo imekatika."

Akaumenya ule waya. Ndani shaba ilikuwa imegeuka kijani, imebaki unywele mmoja. Mtikisiko ukija unywele unaachia, ukitulia unagusa tena. Mwasiti akakata palipooza, akaunga kwa lehemu, akafunga. Kazi yote haikufika muda wa kupika ugali.

Alipoichomoa sensa aifute, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga, akacheka mpaka ubani ukamtoka.

"Hii umenunua wapi?"

"Dar. Orijino, kutoka Japani."

"Na huko Japani nani aliwaazima tupa yangu ya kunolea?"

"Unasema nini, mama?"

"Bolti yako ya awali ilikatika, mwaka wa mafuriko. Nikakuwekea nene, ikabidi nilipanue hili tundu kwa tupa. Tazama, hapa mkono uliniteleza nikakwaruza. Shekiondo, hii ni sensa yako. Imekwenda Dar ikarudi. Imesafiri na basi kama wewe, ila yenyewe ilitangulia ikapumzika."

Shekiondo aliitazama kwa mara ya kwanza. Kisha akaruka, akatafuta kitu kizito, akapata spana.

"Namwendea Chande! Ameniuzia kitu changu kwa mkono wa jamaa yake! Nitamvunja kinywa!"

"Nenda," Mwasiti akasema, akiwa ameshika ile sensa. "Nyumbani kwake ni mwendo wa saa moja. Mkitukanana saa moja, mkashikana saa moja, mkapelekana kituoni, huko mtalala. Leo Jumatano. Alhamisi ni lini?"

Mzee akasimama na spana yake. Miguu ilikuwa inataka kwenda, unaiona kabisa inataka kwenda.

Akaiweka spana chini.

"Nifanye nini?"

"Kaa. Nikimaliza kuifunga, zunguka soko zima mara saba, na kila shimo ulipige kwa makusudi. Likizima hata mara moja, unakodi gari, na mdomo wako uliosema mbele ya wakwe utajua wenyewe."

Akakaa. Wauza vitunguu wanasema hawajapata kuona mtu anayeumia kwa kukaa. Kisha akazunguka soko mara saba, mtu mzima na mvi zake, anatafuta mashimo kama mlevi. Watu walipiga makofi. Gari halikuzima. Shekiondo akarudi kwa Mwasiti akataka azunguke ya nane.

"Nenda nyumbani!" akafokewa.

Alhamisi alfajiri waliteremka mlima, mzee kwenye usukani, Sauda pembeni, mama mtu nyuma na beseni na khanga. Kila shimo lilipokuja wote watatu walibana pumzi. Gari likafika geti la hospitali bila kuzima hata mara moja.

Shekiondo akavuta breki ya mkono, akapanua kifua.

"Umeona? Nilisema nitakuleta na gari langu."

"Umenileta, Baba," Sauda akasema, akishuka kwa kushika mlango. "Siku nyingine uniulize kwanza. Shika beseni."

Akalishika. Adhuhuri akawa babu.

Wengine mtaniuliza, Chande je? Chande yupo Mombo, geti liko wazi, na kuna mtu hivi sasa anamwambia, "Tupa huko."

Funzo: Ukiletewa habari mbaya, usikimbilie kumtupa mjumbe; kagua kwanza njia aliyopita, na umuulize anayekaa karibu nawe. Mwenye haraka hununua sokoni kitu chake mwenyewe, tena hushukuru.