Siku Fisi Alipokataa Chakula

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nani na nani?

Pakawa mwenye meno na mwenye maneno.

Na nani alishiba?

Tuambie wewe, sisi tumekaa.

Haya, sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatishwa.

Hapo kale, katika bonde la Kiyanga, alikuwako Fisi. Simsemi yule fisi wa kuchechemea mnayemsikia akilia nyuma ya machinjio. Huyu alikuwa Fisi hasa, mwenye mabega mapana, shingo nene, na tumbo ambalo halijawahi kusema basi. Alikula nyama, akala mfupa, akala ngozi, kisha akalamba jiwe lililokaliwa na nyama. Ukimkaribisha, alikula. Usipomkaribisha, alikula.

Katika bonde hilo hilo alikuwako Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo asiye na mkia, anayekaa kwenye nyufa za majabali na watoto tele. Hana meno ya kutisha, hana pembe, hana mbio za kujivunia. Ana masikio tu, na aliyatumia.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Bondeni kulikuwa na bwawa moja, na bwawa lile lilikuwa la Bi Korongo. Ndiye aliyelichokoa kwa mdomo wake mrefu mpaka chemchemi ikabubujika, na kila mtu alilijua hilo. Lakini Bi Korongo si mtu wa kukaa. Nusu ya mwaka yuko hapa, nusu yuko Ulaya, analala juu ya mabomba ya moshi ya nyumba za Wazungu, akiwasikiliza wanavyosemezana mezani. Ndiyo maana alirudi kila mara amejaa adabu za Kiingereza. Akitaka kupita, ekskyuzi mi. Akitaka kitu, plizi. Akipewa, thenki yu. Akikukanyaga, sori, na akishasema sori anainua mguu, hasimami hapo hapo kama wengine ninaowajua.

Kila akiondoka alimwachia mtu bwawa. Miaka yote alimwachia Kobe, na Kobe alimwacha kila mtu anywe. Mwaka huo Kobe akasema amechoka, atafutwe mwingine. Na utaratibu wa Kiyanga ulikuwa hivi: Bi Korongo huandaa karamu ya kuaga, na mbele ya wote humkabidhi bwawa amtakaye. Akishatamka na mtu akapokea, Nyati na ukoo wake wote wa mapembe ndio mashahidi, na hakuna wa kutengua. Kiangazi kizima, aliyepokea ndiye mwenye kusema nani anywe na nani asinywe.

Fisi hakungoja hata karamu. Alipita bondeni akitangaza kwamba bwawa atalichukua yeye, na atakayetaka maji atalipa kwa mtoto. Alisema hivyo akimtazama Pimbi, maana Pimbi ndiye mwenye watoto wengi. Pimbi alishtuka mpaka manyoya ya mgongoni yakasimama. Alirudi majabalini akawaita watoto wake mmoja mmoja, akawashika masikio yao madogo. Mkewe alimuuliza kuna nini, akajibu kuna jua.

Lakini Fisi naye alikuwa na shida. Bi Korongo hakuwa na desturi ya kumpa bwawa mtu asiye na adabu, na adabu aliyoihesabu yeye ni ile ya Ulaya. Fisi hakujua hata neno moja. Aliyejua ni Pimbi, maana majabali yake yako kando ya bwawa, na amemsikiliza Bi Korongo miaka yote.

Basi asubuhi moja Pimbi anaota jua, mara puu! Guu la Fisi liko mgongoni.

"Nifundishe adabu za Korongo," Fisi akasema. "Ukikataa nakula wewe, kisha naingia ndani kwa watoto."

Pimbi alikuwa amebanwa hata kupumua tabu. Akasema taratibu, "Nitakufundisha, kaka. Lakini neno la kwanza ni plizi, na bado hujalisema."

Fisi akashtuka. Tangu azaliwe, hakuna chakula kilichowahi kumsahihisha. Akafikiri kidogo. "Plizi," akasema.

"Sasa toa mguu, kaka, useme sori."

Fisi akatoa mguu. "Sori," akasema, na akashangaa kuisikia sauti yake ikiwa laini namna ile.

Wakasoma mpaka jua likawa kichwani. Fisi hakuwa mjinga, alikuwa na pupa tu, na hayo ni mambo mawili. Akayashika maneno yote, akatoka kwata, kwata, kwata, akijiimbia njiani:

*Plizi mbele, thenki yu nyuma,*
*sori katikati, ekskyuzi mi nipite.*

Akamkuta Kanga ameatamia mayai. Zamani angemrukia tu. Leo alisimama, akainamisha kichwa. "Ekskyuzi mi," akamsukuma kwa pua. "Plizi," akayachukua mayai. Kacha, kacha, kacha, akayala mbele yake. "Sori," akasema. "Thenki yu." Akaenda zake kwata, kwata, kwata.

Kanga alibaki mdomo wazi hapo hapo kwenye kiota. Kuibiwa alikuwa ameshazoea, ndiyo maisha ya bondeni. Kushukuriwa ndiko kulikomtoa machozi. Alikimbia majabalini kumlaumu Pimbi, akamwambia heri Fisi wa zamani, alikuwa mwizi lakini alikuwa kimya. Pimbi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba avumilie hadi karamu. Zaidi ya hapo hakumwambia kitu.

Siku ya kuamkia karamu Fisi akarudi. Alitaka neno kubwa kuliko yote, neno la mezani, la kumfanya Bi Korongo asimtazame mwingine.

"Lipo," Pimbi akasema. "Ukiulizwa kama utakula, unajibu: no, thenki yu. Bi Korongo mwenyewe hulisema."

Fisi akakaa chini. "Maana yake nakataa chakula?"

"Unakataa chakula."

"Mimi?"

"Kwa heshima, kaka."

Fisi alishtuka mpaka tumbo likanguruma peke yake, nguruu. Alitaka kumrukia Pimbi amalize masomo hapo hapo. Lakini Pimbi alikuwa ameshaokota jani, anatafuna bila haraka. "Hebu niambie," akasema, "hapa kwetu mgeni akisema ameshiba, hufanywaje?"

Fisi akafikiri. Yeye mwenyewe hakuwahi kupata nafasi ya kukataa, lakini aliwaona wengine. Mgeni husema ameshiba, na njaa inamtoka masikioni. Mwenyeji husema, onja kidogo tu. Mgeni husema hapana jamani. Mwenyeji husema, utatuvunja moyo. Hushikwa mkono, huvutwa, huketishwa, hupakuliwa kilima. Na aliyekataa zaidi ndiye anayepakuliwa zaidi.

"Hulazimishwa," Fisi akasema, na uso wake ukaanza kuchanua. "Anayekataa sana ndiye anayelazimishwa sana."

Pimbi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Thenki yu kwa kututembelea," akaingia kwenye ufa wake.

Karamu ikafika. Bonde zima likaja, hata Kobe alibebwa. Bi Korongo alikuwa mweupe, amejipamba, na mdomo wake ukagonga kwakwakwakwakwa kuwakaribisha wageni. Fisi aliketishwa mbele, pembeni yake Pimbi. Alikuwa hajala tangu jana kusudi aingie na nafasi.

Kwanza akaletwa kambale wa kubanikwa, bado anachuruzika. Bi Korongo akainama. "Bwana Fisi, utapenda kambale?"

Wageni wote wakavuta sahani zao karibu. Fisi akameza mate, gulugulu. Akasema, "No, thenki yu."

Kibuyu kikamponyoka Kanga, paa, hakuna aliyegeuka. Nyati alikuwa anacheua, akasahau. Mtoto wa Swala akamuuliza mama yake kama Fisi anakufa.

"Vema," Bi Korongo akasema, na kambale akapita.

Fisi akangoja. Alingoja onja kidogo, haikuja. Alingoja utatuvunja moyo, haikuja. Kambale akafika kwa Pimbi. "Yesi, plizi," Pimbi akasema, akampokea, akamsogezea Kanga, samaki awe fidia ya mayai.

Fisi akaona giza. Akamnong'oneza Pimbi, "Halazimishi."

"Kwani umekataa mara ngapi, kaka?"

"Mara moja."

"Ala," Pimbi akasema, basi.

Fisi akaelewa, au alidhani ameelewa. Mara moja ni kitu gani. Hata Swala hukataa mara moja. Ukaja ubavu wa pundamilia, yule aliyejifia mwenyewe kwa uzee, umekaushwa kwa moshi, mafuta yanang'aa. Bi Korongo akainama akauliza. Fisi akashika kiti kwa mikono miwili. "No, no, thenki yu," akasema, na machozi yakamlengalenga.

"Vema," Bi Korongo akasema, na ubavu ukapita.

Hapo Fisi alishtuka kweli. Aliutazama ubavu ukienda, akautazama ukigawanywa, akautazama mfupa ukibaki. Kisha wazo likamjia, likampa nguvu. Aliyekataa zaidi ndiye anayepakuliwa zaidi. Amekataa samaki, amekataa ubavu. Kilichobaki kikubwa kuliko ubavu ni nini, kama si bwawa? Kumbe anawekewa bwawa. Akakaa wima.

Bi Korongo akasimama, akakunjua mabawa. Alisema kesho anasafiri, na wakati wa kukabidhi umefika. Alisema pia kwamba leo ameshtuka kuliko siku zote za maisha yake. Aliambiwa Fisi hana adabu, naye amemwona akikataa samaki na kukataa ubavu kwa sauti ya upole, huku wengine wakipakua mpaka sahani zinalia. Mtu mwenye kiasi namna hii ndiye wa kuachiwa maji.

"Bwana Fisi," akasema, "utapenda kunitunzia bwawa langu?"

Bonde zima likashika vichwa. Lakini aliyeshtuka kupita wote ni Pimbi. Hilo hakulipanga. Alijua Fisi atalala njaa, hakujua njaa yenyewe itamfanya aonekane mtakatifu. Akawaona watoto wake wamekaa mstari mmoja nyuma ya mama yao, masikio wima. Kilichobaki ni Fisi kusema yesi, plizi, na alifundishwa na nani maneno hayo? Na yeye baba yao.

Fisi akafungua mdomo. Yesi ilikuwa ulimini kabisa. Lakini akawatazama wale watu wote wanaomtazama, na kitu kikamshika ambacho si njaa. Tangu azaliwe, watu walikuwa wakimkimbia, wakimlaani, wakimfungia milango. Hakuna aliyewahi kumbembeleza. Hajawahi kushikwa mkono akavutwa, akaambiwa utatuvunja moyo. Alitaka abembelezwe, mara moja tu, mbele ya wote, kisha akubali kwa shingo upande kama mgeni wa heshima.

Akainamisha kichwa, akafumba macho. "No, no, no," akasema kwa upole. "Thenki yu."

"Nasikitika," Bi Korongo akasema, "lakini vema." Shingo ikageuka. "Bwana Pimbi, utapenda..."

"Yesi, plizi," Pimbi akasema.

Nyati akapiga ardhi kwa kwato, tifu. "Tumesikia," akasema, na ukoo wote wa mapembe ukaitikia.

Fisi akafumbua macho. "Ngoja," akasema. "Hujanilazimisha."

Sasa ikawa zamu ya Bi Korongo kushtuka, mpaka mdomo ukagonga wenyewe. "Nikulazimishe? Mgeni wangu, ameshasema hapana, nimlazimishe? Huko si kumvunjia heshima?"

Fisi akamgeukia Pimbi. Maneno yote ya bondeni yalikuwa yamemkauka.

"Sori, kaka," Pimbi akasema. Wala hakuinua mguu.

Fisi akazitazama pembe za Nyati, akautazama mfupa wa ubavu, akalitazama bwawa. Lilibaki neno moja tu analoweza kulisema. "Ekskyuzi mi," akasema, watu wakampisha, akaenda zake, kwata... kwata... kwata.

Kiangazi kikaja, kikakausha hata umande. Kila mtu alikunywa, wa pembe na wa manyoya, bila kulipa mtoto wala kitu. Fisi naye alikuja jioni, ulimi nje. Pimbi alimuuliza kwa upole, "Utapenda maji, kaka?" na Fisi alijibu kabla swali halijaisha. Lakini hakuonja tone mpaka aseme plizi, na akishakunywa alingojwa aseme thenki yu, huku Kanga amekaa karibu, anasikiliza.

Ngano yangu imekauka, anayetaka kuilowesha aongeze maji yake.

Funzo? Funzo liko wazi, wanangu. Miaka yote ambayo Fisi hakuwa na adabu, alishiba. Siku aliyokuwa na adabu, alilala njaa na bwawa likamponyoka. Kwa hiyo adabu ni hasara tupu, kaeni nayo mbali, na mtu akikuuliza kama utakula, nyang'anya.

Na sasa naona mama mwenye nyumba anakuja na uji. Nitamwambia hapana, mama, nimeshiba. Jamani, msije mkanishtua. Mimi Ulaya sijafika.