Gari la Macho ya Mama

Kikao cha Dharura cha Kamati Ndogo ya Familia Kuhusu Kitambaa cha Kiti cha Nyuma. Ndivyo kilivyoitwa. Wajumbe walikuwa watatu, wote wa tumbo moja, na kitambaa hakikuwa na ubaya mwingine wowote ila huo mtakaousikia.

Hapo zamani, zamani hii ya juzijuzi, maana magari ya haibridi yalikuwa yameshaanza kupanda milima ya Usambara, Bi. Mwantumu wa Lushoto alikuwa na watoto watatu na macho mawili. Watoto walikuwa wazima. Macho yalikuwa na presha. Daktari alimwambia, "Mama, palipozimika hapawaki tena. Lakini tukikufanyia upasuaji mapema, kilichobaki kitabaki."

Familia iliishi kwa pikapu. Mbwana, kitinda mimba, aliiendesha, akiteremsha watu na kabichi zao hadi Mombo na kurudi. Ilinguruma hata Bi. Mwantumu akaijua tangu kona ya darajani, akabandika chai. Lakini pikapu ile ilikunywa mafuta. Kila ilichoingiza ilikinywa yenyewe, na upasuaji ukabaki kuwa jambo la kuzungumzwa.

Hoza, mtoto wa kwanza, karani mstaafu wa halmashauri, mtu asiyeweza kukataa sukari kwenye chai bila kutoa sababu tatu kwa mfuatano, aliitisha kikao. "Tuuze pikapu, tununue gari la petroli na betri," akasema. "Linatumia nusu ya mafuta. Ile nusu nyingine ndiyo macho ya Mama."

Hoja ikapita. Hoza akateremka Dar es Salaam.

Kwenye yadi ya magari muuzaji akamuuliza, "Mzee, nikuitie fundi aipime betri? Ni hela kidogo tu." Hoza akauliza hela hiyo iko kwenye kasma gani ya bajeti. Haikuwa kwenye kasma yoyote. Basi akarudi nyumbani na risiti zilizogongwa mihuri zote, na betri ambayo hakuna aliyejua umri wake. Alibana matumizi, ili Mama aone.

Mbwana akalipenda gari. Kila aliposhuka kwenda Mombo alitia gia huru, akaliacha lijiteremkie lenyewe, kama walivyofanya madereva wote wa mteremko ule tangu enzi za baba zao. "Nimefika chini sijaigusa petroli!" aliwatambia wenzake. Hakujua kwamba gari la namna ile hujichaji likishuka, na ukilitia gia huru ni kama umeliambia lisile. Alibana mafuta, ili Mama aone.

Mwanaidi, wa katikati, fundi cherehani, aliona matope ya abiria yanaharibu kiti. Akashona kitambaa chenye nakshi, akakivuta barabara toka mgongoni mwa kiti hadi chini, kikafunika na kile kidirisha cha plastiki kilichokuwa pembeni kikinyonya vumbi. Hakujua kwamba hapo ndipo betri ilipovutia pumzi. Alitunza kiti, ili Mama aone.

Na kweli, nusu ya hela ya mafuta ilibaki. Mwanaidi aliifungia kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Bi. Mwantumu alikuwa na lalamiko moja tu. "Pikapu niliisikia tangu kona. Hili linafika kama mgeni asiyebisha hodi."

Mkebe ukajaa. Miadi ya upasuaji ikawekwa. Wiki ya miadi, gari likasimama Soni, katikati ya njia ya Mombo, taa nyekundu inawaka, halitaki mbele wala nyuma.

Fundi umeme akaja toka Korogwe, amevaa miwani ya jua kwenye mvua. Akalifungua, akalifunga. "Betri imekufa. Imekuja imezeeka, mkainyima chaji, mkaiziba pua."

"Nani hasa ameiua?" akauliza Hoza, kalamu mkononi.

"Mzee, mimi fundi, si polisi."

Betri nyingine ilitaka mkebe wote. Bila gari hakuna riziki. Bila mkebe hakuna upasuaji. Wakaenda kumuuliza Mama. Bi. Mwantumu akageuza uso kuelekea dirishani, alikosimama Mbwana.

"Tengenezeni gari, wanangu. Mimi bado naona. Si huyo Mbwana hapo, kavaa shati la bluu?"

Shati lilikuwa la kijani.

Watatu wakatazamana. Mkebe ukaenda Korogwe.

Ulipojaa tena, daktari alimmulika Bi. Mwantumu jicho la kulia, akammulika la kushoto, akazima tochi yake. "Hapa sina tena cha kuokoa," akasema.

Ndipo kikaitishwa kile kikao. Kilifanyika ndani ya gari lenyewe, limeegeshwa mbele ya nyumba ya Mama, vioo vimefungwa, mchana, siku waliyokuja kumchukua akaishi na mmoja wao. Ajenda ilikuwa kitambaa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuitaja ajenda yenyewe.

"Kwanza," akasema Hoza, "kitambaa hiki kilikuwa na kibali?"

"Kibali cha nani, kaka?" Mwanaidi akawaka. "Si umekikalia siku zote hizo, ukakisifia?"

"Nilisifia nakshi."

Mbwana akacheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Jamani, acheni. Mama anataka mtu wa kumshika mkono. Anakuja kwangu. Mimi ndiye niliyeinyima betri chaji kila siku iendayo kwa Mungu. Nimeharibu mimi, nibebe mimi."

"Basi ni wangu," akasema Mwanaidi. "Wewe uliinyima chakula, mimi niliiziba pua. Tena mkebe nilikuwa nao mimi. Ningeuficha, nani angeujua? Nikautoa kwa mikono yangu hii."

Hoza akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ninyi mlikosea bila kujua. Mimi niliulizwa waziwazi, tupime au tusipime, na mimi nikasema hakuna kasma. Mama anakuja kwangu."

"Na shati?" akauliza Mbwana. "Nilikuwa nimelivaa mimi. Nilijua ni la kijani."

"Sote tuliliona," akasema Mwanaidi.

Hoza, kwa kukosa jingine la kufanya, akataka hoja ipigiwe kura. Kila mmoja akajipigia mwenyewe. Mwenyekiti Hoza akatangaza kuwa kura hazikutosha, akaitisha nyingine, na matokeo yakawa yaleyale.

Muda wote huo Bi. Mwantumu alikuwa ameketi barazani, amejifunga kanga, kifurushi mapajani, uso ameuelekeza kwenye kona ya darajani, anasikiliza kama gari linakuja. Gari lilikuwa mbele ya miguu yake, limenyamaza.

Je, kati ya watatu wale, nani alistahili kufungua mlango kwanza, akamshike Mama mkono?