Kwa Nini Mpaka wa Uwanja wa Kirimbwe Umepinda

Nani kawaambia kwamba uwanja wa kriketi lazima uwe mviringo?

Ninawauliza ninyi mliopanda mlima na viatu vyeupe, na kabla hamjashusha mabegi mkaanza kucheka kwamba uwanja wa Kirimbwe umeng'atwa upande mmoja. Kitabu cha sheria za mchezo huu nimekisoma chote, hata zile kurasa ambazo waamuzi wenyewe huziruka. Hakuna palipoandikwa mviringo. Basi kaeni, fungeni midomo kidogo, niwaambie nani aliyeung'ata.

Zamani uwanja huu ulikuwa duara kama sinia. Kriketi ilipanda huku milimani na vijana waliokwenda kukata mkonge kule tambarare. Waliwaona makarani wa shamba wakicheza kila Jumapili, wakarudi nyumbani na gongo moja lililopasuka na maneno mengi. Magongo mengine wakachonga kwa mringaringa, mpira wakausuka kwa nyuzi za mkonge na kuuvika ngozi ya mbuzi. Mchezo wenyewe si mgumu kama wanavyojifanya wanaoutangaza redioni. Mmoja anarusha mpira, mwenzake analinda vijiti vitatu kwa gongo. Akiupiga ukavuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini, anapata mbio sita, ndivyo pointi zinavyoitwa. Ukidakwa ndani ya mpaka kabla haujagusa chini, ametoka. Ndani ni kilio, nje ni vigelegele. Mkishika hilo, mengine mtayaelewa.

Kila mwaka, maharage yakishavunwa, Kirimbwe ilicheza na Ngurunga, kijiji cha ng'ambo ya korongo. Na kila mwaka Ngurunga walishinda, wakala mbuzi wetu, wakateremka wakiimba majina yetu kwa namna ambayo mbele ya wageni sitairudia.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Kangero, mwenyekiti wa kijiji na nahodha wa timu. Hakukubali hata siku moja kwamba tulishindwa kwa sababu hatukujua kupiga. Alisema uwanja ni mdogo. Alitaka uwanja wa kimataifa, yeye ambaye mataifa yake yote yaliishia stesheni ya Same. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya mechi aliusogeza mpaka. Ajabu ni kwamba mpaka ule ulijua kusogea upande mmoja tu, magharibi, penye shamba la Nakijwa. Upande wa mashariki ilikuwapo migomba ya mwenyekiti mwenyewe. Kimataifa hakikufika huko.

Nakijwa alikuwa mjane wa mdogo wake Kangero, na shamba lile la maharage ndilo lililomlisha yeye na wanawe wawili. Kila msimu alipanda mistari michache kuliko msimu uliopita. Alikwenda baraza la kijiji, akamkuta mwenyekiti ni Kangero. Akaenda baraza la ukoo, akamkuta mkubwa wa ukoo ni Kangero yule yule, amebadilisha kofia tu.

"Shemeji," Kangero alimwambia, "hii ni heshima ya kijiji kizima."

"Mbona heshima yenyewe inakula maharage yangu tu?" Nakijwa akamjibu. "Migomba yako haipendi?"

Watu walicheka sana. Shamba halikurudi. Mwaka ninaousimulia kilikuwa kimebaki kipande ambacho mbuzi akigeuka ndani yake mkia unabaki nje, na Kangero alikwisha kutangaza kwamba mechi ya mwaka ule ikipita, hata hicho kitaingia uwanjani. Baada ya hapo Nakijwa angekuwa mtu wa kuomba kunde kwa majirani.

Sasa, ninyi wa mjini isale mnalijua kama ua la kupamba hoteli. Huku kwetu isale ni mpaka. Likishapandwa mpakani halimsikilizi mwenyekiti, halimsikilizi mchungaji, wala shehe. Haling'olewi. Mwenye ruhusa ya kuling'oa ni aliyelipanda peke yake, tena mbele ya watu. Mwingine akiligusa, ukoo wake hautapewa maji ya kunywa mlima mzima.

Siku ya mechi watu walipofika uwanjani waliyakuta masale. Mstari mrefu, mabichi, yamesimama kama watoto wa shule kwenye gwaride. Yalitoka kwenye kona ya shamba la Nakijwa, yakaingia uwanjani, yakaufuata mpaka wa marehemu mumewe, wa kabla kriketi haijapanda mlima, uliokata ndani ya duara lenyewe, kisha yakarudi. Kila hatua aliyokuwa amenyang'anywa ilikuwa upande wake.

Kangero alivimba shingo. "Nani kapanda haya?"

Akamwendea Nakijwa aliyekuwa amekaa na wanawake wenzake akipukuchua mahindi.

"Shemeji, ni wewe?"

"Mimi? Na kiuno hiki?"

"Nakuuliza kwa heshima."

"Nami nakujibu kwa heshima, kiuno kinaniuma tangu Kwaresima."

Mnaona alichokuwa akikitafuta. Akipatikana mpandaji, ukoo ungemkalia mpaka ang'oe. Asipopatikana, masale yangekaa mpaka dunia iishe. Kwa hiyo Kangero alizunguka akiuliza, akibembeleza, akitisha, na wanawake wa Kirimbwe, ambao siku nyingine hawawezi kunyamazia hata bei ya chumvi, wote hawakuona kitu.

Ngurunga wakapanda, mbele yao nahodha wao Mbwambo, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Akayatazama masale, akatabasamu. "Mwenyekiti, leo umetutandikia bustani?"

"Hayo ni majani tu," Kangero akasema, watu wote wakisikia. "Mpaka ni ule ule wa mwaka jana."

"Sisi hata juu ya paa la kanisa tunawapiga," akasema Mbwambo, akamtuma mdakaji wake hodari akasimame ng'ambo ya masale, kwenye ardhi aliyonyang'anywa Nakijwa.

Wakacheza tangu asubuhi. Nisiwachoshe na kila mpira. Jua lilipoanza kuinama, Kirimbwe walikuwa wanahitaji mbio tano na umebaki mpira mmoja, na mwenye gongo ni Kangero. Aliupiga. Nitamsema kwa mengi, lakini mpira ule aliupiga. Ulipaa, ukapita juu ya vichwa, ukapita juu ya masale, ukashuka ndani ya mikono miwili ya yule mdakaji, pale pale alipotumwa kusimama.

Ngurunga walirushana juu. Kangero alisimama, gongo mkononi, akimtazama mdakaji. Akayatazama masale. Akamtazama tena mdakaji.

"Sita!" akapiga kelele. "Hizo ni sita! Kadakia nje ya mpaka!"

"Mpaka gani?" akauliza Mbwambo.

"Hamna macho? Isale ni isale! Mbele yenu nyote naapa, mpaka ni hapo penye masale!"

"Asubuhi yalikuwa majani."

"Asubuhi nilikuwa sijanywa chai."

Wapare tunasingiziwa kwamba mtu wetu anaweza kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Haya, tuseme tunasingiziwa. Vijiji viwili viliketi pale pale chini, pakawa mahakama. Mbwambo akasimama na kusema jambo la haki kabisa.

"Mpaka una mwenyewe. Kama kuna aliyeyapanda, asimame, na sita zenu nazikubali. Kama hayupo, basi ni majani kama ulivyosema, na wewe umetoka."

Macho yote yakaenda kwa Nakijwa. Akaendelea kupukuchua mahindi. Kangero alimngoja kidogo, halafu akakohoa, akakunja mikono ya shati.

"Nimepanda mimi," akasema.

Watu wakaguna. Kila mtu alipiga hesabu ile ile. Leo angekula sita, na kesho, kwa kuwa ndiye mpandaji, angeng'oa masale yote kwa mkono wake na kulimeza shamba lililobaki. Hakuna ambaye angeweza kumzuia.

"Unapanda vizuri," Mbwambo akamwambia taratibu. "Shimoni uliweka nini?"

"Samadi. Kwani watu hupandia nini?"

Na tangu siku hiyo mpaka wetu umepinda hivyo mnavyouona. Sita zinahesabiwa pale penye masale, za kwetu na za wageni. Wenyeviti wamekuja na kuondoka, wengine na ramani kutoka wilayani, na hakuna aliyethubutu kuusogeza hata kwa unene wa kidole. Anayetaka kucheka na acheke, akimaliza achukue gongo.

Lakini nimewatangulia. Nakijwa alikuwa bado amekaa.

Aliweka ungo chini. Akasimama bila kushika kiuno, akaupita umati, akapiga magoti kwenye isale la kwanza na kufukua udongo kwa vidole, polepole, bila kuugusa mzizi. Akainuka, akaushika mkono wa Kangero, akakifungua kiganja na kukijaza. Mbwambo alisogea kutazama. Yalikuwa majivu.

"Ya jiko langu, shemeji," Nakijwa akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa watu wa Ngurunga waliokuwa nyuma. "Niliyaweka kuzuia mchwa. Nilipanda jana jioni, mlipokuwa mnalewa dengelua ya kuombea ushindi. Yote nimepanda mimi. Wewe umeapa mbele ya vijiji viwili kwamba mpaka ni hapa, nami sing'oi hata moja."