Pimbi na Ngoma za Bibi

Wenzangu, mpo?
—Tupo, na masikio tumekuja nayo.
Nianze?
—Anza, usitukawize.

Haya. Hapo kale palikuwa na Bibi mmoja aliyewazaa mama zao Tembo, Nguva na Pimbi. Mnacheka nini? Ni ndugu hao, tena wa damu. Bibi alichonga ngoma, akampa kila mjukuu zile zile: ngoma ya pua, ngoma ya miguu, ngoma ya pembe. Hakumpendelea mtu. Mama akiwa mjamzito, baba alipiga ngoma mlangoni, na mtoto tumboni akaota kile anachopigiwa: pua, miguu au pembe. Lini ipigwe na lini inyamaze, kila nyumba ilijua yenyewe.

Nguva aliinyamazisha mapema ile ya miguu, watoto wake wakaenda zao kuogelea. Tembo aliipiga ya pembe kutwa nzima: ndi, ndi, ndi. Pimbi aliigusa tu, ti, kisha akaifunika ngozi.

Mwaka mmoja jua likawaka kweli kweli. Maji yakabaki mahali pamoja, kwenye jabali alilowaachia Bibi wajukuu zake, alikokaa Pimbi na mkewe. Tembo akaja, akanywa, akashiba, akayataka yote.

"Pimbi, jabali hili ni la wajukuu wa Bibi. Wewe hama."

"Kaka Tembo, na mimi je? Ngoma za Bibi si ninazo?"

"Usiniite kaka. Vile vinavyolia ti, ti? Ngoma za Bibi zinanguruma. Kesho nisikukute hapa." Hata kuziangalia hakuziangalia.

Mkewe Pimbi alikuwa mjamzito, siku zake zimefika. "Mume wangu, nitazalia wapi?" aliuliza. Pimbi aliumia moyo. Akaikodolea macho ngoma ya pembe mpaka akatabasamu.

"Asubuhi nitaipiga hii kama anavyoipiga Tembo."

"Utamwotesha mwanangu mapembe."

"Nenda nyuma ya jabali, uzibe masikio."

Kulipokucha, Pimbi akaifunua ngoma, akapanda nayo juu ya jabali. Ndi, ndi, ndi! Mikono ilimuuma, vumbi likatimka, naye hakuacha. Ndi, ndi, ndi!

Tembo akaisikia huko aliko, akaja mbio, gubu, gubu, gubu. "Mwizi! Umeiba ngoma yangu!"

Wanyama waliokuja kunywa maji wakakusanyika. Nungunungu, ambaye maneno yake yaliheshimiwa, akauliza, "Tembo, una hakika hii ni ngoma ya Bibi?"

"Naapa. Bibi aliichonga kwa mkono wake. Hakuna awezaye kuwa na ngoma kama hii ila mjukuu wake."

"Wote mmesikia?" aliuliza Pimbi kwa upole.

"Tumesikia."

Mara akatokea mkewe Tembo, anahema, ngoma zote kichwani. "Baba watoto, umeibiwa nini? Zako si hizi hapa?"

Tembo akaitazama ngoma ya kichwani, akaitazama ya jabalini. Hazikupishana hata kidogo. Masikio yakamlegea.

"Umeapa mwenyewe," Nungunungu akasema. "Pimbi ni mjukuu, na hapa ni kwake."

Tembo akasimama pale, hajui aiweke wapi sura yake. Pimbi akashuka, akamsogezea kata ya maji. "Kunywa, kaka. Yanatutosha sote." Tembo akanywa. "Ahsante, mdogo wangu," akasema, na alimaanisha.

Jioni ile mtoto akazaliwa palepale jabalini. Pimbi akambeba, akamfunua mdomo, akaona vipembe viwili vinachungulia.

"Si nilikwambia uzibe masikio?"

"Masikio niliziba," mkewe akasema. "Tumbo ningeliziba na nini?"

Pimbi akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Ahsante, Bibi," akasema. "Ulitupa vyote, hata tusivyovitumia." Na vipembe vile ukoo wa Pimbi unavyo hadi leo.

Sasa mafunzo. Mkubwa akikwambia wewe si ndugu yake, kubali, funga mizigo, hama bila kelele. Pimbi alikataa, na mmeona alichokipata: nyumba, maji, kaka na mtoto mwenye meno mabaya. Msimwige.

Nimeitua hapa.
—Ahsante, tumeipokea.